Milisekunde Kumi: Kuchagua Kompyuta ya Kubeba Ukumbi wa Okestra

Mhadhara uliotolewa Lamu mbele ya vijana wa studio, umeandikwa kama ulivyosemwa.

Asalaam alaykum, jamaa zangu. Leo tunachagua kompyuta itakayobeba mwangwi wa ukumbi mzima wa okestra. Naona wengine mmekuja na karatasi za bei za kompyuta mkononi. Zikunjeni kwanza, tutazifungua baadaye, na nyingine tutafungia bajia.

Sizungumzii ule mwangwi mmoja ambao traki zote, yaani njia za kila ala, zinamwagiwa ndani kama mchuzi. Huo hata laptopu ya skuli inaubeba. Nazungumzia programu kama MIR ya Vienna Symphonic Library, kampuni ya ala za kompyuta, ambapo jukwaa linachorwa mbele yako, unaziweka fidla kushoto, chelo kulia, filimbi nyuma, na kila ala inapata mwangwi wa pale ilipokaa. Mwangwi huo umerekodiwa kwenye kumbi za kweli, ikiwemo Konzerthaus ya Vienna iliyofunguliwa mwaka 1913. Nyinyi wa taarab mnaotaka fidla moja ya kweli isikike imezungukwa na nyingine ishirini za kompyuta, hii ndiyo kazi yenu.

Haya, hesabu. Mwangwi wa ukumbi mzuri wa okestra hukaa kama sekunde 2 kabla haujafa. Ukirekodi kwa sampuli, yaani vipimo vya sauti, 48,000 kwa sekunde, rekodi ya mwangwi huo, tuiite unyayo wa ukumbi, ina sampuli 96,000. Ala moja ina mikondo miwili, kushoto na kulia. Kila mkondo unapitishwa kwenye nyayo nne, maana ukumbi umerekodiwa kwa mikondo minne ya ambisoniki, mtindo wa kunasa sauti kutoka pande zote. Mbili mara nne, nane. Weka ala 30, umefika 240. Hesabu 240 zinakwenda pamoja, mfululizo, na hakuna hata moja inayoruhusiwa kuchelewa.

Hapo kwenye kuchelewa ndipo watu wanapoibiwa pesa zao. Bafa, yaani fungu la sampuli ambalo kompyuta inalishughulikia kwa mkupuo, ikiwa 512, kompyuta inapewa milisekunde 10.7 kumaliza kila kitu na kukabidhi sauti. Ikimaliza kwa milisekunde 10, hujui kitu. Ikimaliza kwa 11, tak! Umesikia. Kazi ya kutoa video ikichelewa unasubiri chai, lakini sauti haina subira hiyo.

Sasa atainuka mtu aseme: "Mbona mita ya prosesa yangu, ubongo wa kompyuta, inasoma asilimia 40 na sauti bado inakatika? Mita inadanganya." Haidanganyi, bwana. Inakwambia wastani. Ukiambiwa mlango wa bahari wa Mkanda kwa wastani una maji ya kutosha chombo chako, utapita? Nahodha haulizi wastani, anauliza pale penye maji haba, na anauliza saa hii maji yamejaa au yametoka. Programu hizi hukata unyayo wa ukumbi vipande: vidogo vya mwanzo, vikubwa vya mkiani. Vidogo vinahesabiwa kila bafa, vikubwa vinakuja kwa zamu. Zamu ya kipande kikubwa ikikutana na pale fidla zote na ngoma zimeingia pamoja, bafa hiyo moja inazama, na zile mia zilizopita salama hazikusaidii. Kwa hivyo ukipima mashine, tazama kilele. Wastani waachie wauzaji.

Na kori, yaani wafanyakazi waliomo ndani ya prosesa? Nimeshasema mara nyingi na nitasema tena. Traki yako ina ala, kisha ikwalaiza ya kusawazisha sauti nene na nyembamba, kisha ukumbi, kisha kundi la traki, kisha masta, njia ya mwisho zinapokutana sauti zote. Hatua ya pili haianzi mpaka ya kwanza imemaliza. Kori 24 haziwezi kugawana mnyororo huo, kama watu kumi wasivyoweza kuvaa kanzu moja. Kori nyingi zinasaidia ala nyingi zikiwa sambamba, hilo kweli, lakini mwisho wote wanapanga foleni kwenye mlango wa masta, na mlango ule unalindwa na kori moja. Iwe ya mbio. Zile seva za mitumba zenye prosesa mbili, kori 28, kasi ya gigahezi 2 na kidogo, bei ya kutupa: ziacheni huko huko. Kori 8 za kasi zinazishinda kwa kazi hii, na hazipigi kelele kama boti ya Mokowe.

Tena hesabuni kori vizuri. Intel tangu kizazi cha 12, mwaka 2021, wanachanganya kori kubwa na ndogo. Apple hivyo hivyo: M1 ya mwanzo ya 2020 imeandikwa 8, lakini kubwa ni 4. Ndogo ni za barua pepe. Muulize muuzaji kubwa ni ngapi, na asipojua, basi hauzi kompyuta, anauza maboksi.

Joto sasa, na hili ni letu sisi watu wa pwani. Gigahezi 5 zilizoandikwa kwenye boksi ni kasi ya mbio fupi. Prosesa huruhusiwa nguvu ya ziada kwa muda mdogo, kisha inarudishwa chini, na nyingi zikikaribia nyuzi 100 hujipunguza zenyewe zisiungue. Chumba kikipanda nyuzi 9, prosesa nayo inapanda karibu hizo hizo. Yule aliyeisifu mashine mtandaoni aliipimia chumba cha nyuzi 22, wewe unaifanyia kazi kwenye 31 wakati wa kaskazi. Laptopu nyembamba itaimba vizuri dakika ya kwanza na kukuaibisha ya kumi.

Jaribio ni hili. Fungua kazi yako nzito kabisa. Chagua pale okestra nzima inapolia, ipige izunguke dakika 30, adhuhuri, chumba kikiwa kama kilivyo siku zote. Andika kasi ya prosesa dakika ya kwanza, andika dakika ya 30. Ya 30 ndiyo mashine unayonunua. Muuzaji akikataa, mwambie ahsante na uondoke.

"Lakini binamu yangu ana mashine ya gemu, ina kadi ya picha kubwa." Kadi ya picha haigusi ukumbi wako, nyingi ya programu hizi hazijui hata kama ipo. Ila kasha lake lina feni nzuri. Uza kadi, baki na kasha.

Ramu, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, haraka haraka. Watu wanadhani mwangwi ndio unaokula ramu. Unyayo wa sampuli 96,000 ni kilobaiti 384. Mara 240, ni megabaiti 92. Hata programu ikizitumia mara tatu, hiyo si kitu. Anayekula ni fidla zenyewe, sampuli za ala, yaani rekodi za kila noti. Gigabaiti 32 kwa okestra ndogo, 64 kwa kubwa, vipande viwili vya ramu badala ya vinne, maana DDR5, aina ya ramu za siku hizi, ikijaa nafasi zote nne kwa kawaida inashushwa kasi. Kwenye Apple mpya huongezi baadaye, kwa hivyo nunua ya kutosha siku hiyo hiyo. Sampuli ziwe kwenye SSD, diski ya kuzunguka haifai.

Na kurekodi kwa sampuli 96,000 kwa sekunde badala ya 48,000? Unyayo unakuwa mara mbili, sampuli mara mbili, na bafa ile ile 512 inakupa milisekunde 5.3 tu. Anayetaka ajue anachokitaka. Na unapopiga kinanda, zima ukumbi, weka mwangwi mwepesi, bafa 128, sauti isichelewe nyuma ya kidole. Ukichanganya sauti, rudisha ukumbi na bafa 1,024.

Wenye Windows: sauti ikikatika na mashine ni nzuri, zimeni Wi-Fi kwanza. Kikulacho ki nguoni mwako. Kisha endesheni LatencyMon, programu ya kupima ucheleweshaji, itawaonyesha draiva gani, yaani programu ndogo ya kuendesha kifaa, inaishika prosesa.

Muda umekwisha, naona wenzetu wanaangalia saa, Maghrib inakaribia. Suala la stima na chumvi ya bahari tutalifanyia siku yake, ila mashine iliyokuwa chumba cha eisi, yaani kiyoyozi, usiitoe nje na kuiwasha papo hapo. Itatoka jasho ndani. Iache saa moja.

Na anayeagiza ya mezani kutoka Mombasa: kile kipozeo kikubwa cha prosesa kina kilo moja au zaidi, na kinaning'inia kwenye ubao kwa skrubu nne. Basi mpaka Mokowe, kisha boti, kisha mkokoteni kwenye mawe yetu haya. Laza kasha ubavu, ubao chini, kipozeo kikiangalia juu. Au mwambie fundi akifungue, kije peke yake, na tyubu ya dawa ya joto, ile inayopakwa kati ya prosesa na kipozeo, uifunge humo humo kwenye boksi.