Jinsi ya Kununua ETF ya Hisa Nafuu Ukiwa Kampala

Karibu, ndugu mtazamaji. Leo tunanunua ETF, yaani mfuko unaouzwa sokoni kama hisa, lakini ule unaochagua kampuni ambazo bei yake iko chini ukilinganisha na faida na mali zake. Soko la hisa la Kampala lina kampuni chache mno kwa mbinu hii, kwa hiyo tutapitia London, kwa dola.

Anza na pesa ambayo hutaigusa kwa miaka kumi au zaidi. Hapa sikuombi, nasisitiza: hisa nafuu za Marekani ziliachwa nyuma na zile za ukuaji, yaani za kampuni zinazotarajiwa kukua haraka, kuanzia 2007 hadi 2020. Ada ya shule ya muhula ujao isiingie humu.

Sasa fungua ukurasa wa mfuko, tafuta namba ya ISIN, yaani namba ya utambulisho wa mfuko. Ikianza na IE, mfuko umesajiliwa Ayalandi, na huo ndio tunaoutaka. Gawio, yaani faida ambayo kampuni za Marekani huwagawia wenye hisa, hukatwa kodi ya 15% likiingia humo. Ukinunua mfuko wa Marekani wenyewe, mkazi wa Uganda hukatwa 30%, maana hakuna mkataba wa kodi kati ya nchi hizi mbili. Tena ukifariki, mali yako ya Marekani ikizidi dola 60,000 inaingia kwenye kodi yao ya mirathi.

Hatua inayofuata ndiyo watu wengi huiruka. Soma jina la fahirisi, yaani orodha ya hisa ambayo mfuko huifuata, si jina la mfuko. Fahirisi ya MSCI World Value, ya kampuni ya MSCI inayotunga fahirisi, hubeba karibu nusu ya thamani ya soko zima, kwa hiyo unafuu wake ni hafifu. MSCI World Enhanced Value huchagua hisa 400 hivi, zilizo nafuu ndani ya kila sekta. Linganisha uwiano wa bei kwa faida na ule wa MSCI World ya kawaida, isiyochagua kwa unafuu. Pengo likiwa dogo, unalipia ada ya ziada bure.

Kutuma dola: benki ikikata dola 40 kwenye dola 400, asilimia kumi imeshapotea kabla hujanunua. Kusanya miezi kadhaa, tuma mara moja.

Siku ya kununua, subiri New York ifunguliwe: saa kumi na nusu jioni kwetu, au saa kumi na moja na nusu majira ya baridi yao. Hapo tofauti kati ya bei ya mnunuzi na ya muuzaji hupungua. Weka oda yenye bei ya kikomo, yaani bei ya juu kabisa unayokubali kulipa; usinunue kwa bei yoyote itakayotokea.

Usiweke yote humu. Asilimia 70 kwenye mfuko wa dunia nzima na 30 hapa inatosha. Rudisha uwiano huo mara moja kwa mwaka, ikiwezekana kwa pesa mpya badala ya kuuza.

Kila ukinunua, andika tarehe, bei na kiwango cha dola kwa shilingi siku hiyo. URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, humtoza mkazi kodi hata kwa mapato ya nje, na bila kumbukumbu hizo hutaweza kuonyesha gharama yako.