Namba Ikibadilika Kwenye Mchoro: Kupima Programu za Ubunifu na za Kuendeshea Ukandarasi
(Mhadhara kwa makandarasi wadogo na wachoraji, Tanga)

Asalaam aleikum. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Nimefurahi kuwaona makandarasi wa madaraja ya chini wamekaa pamoja na wachoraji na wakadiriaji majenzi, kwa sababu jambo ninalotaka kulisema linahusu hasa nafasi iliyopo baina ya watu hawa.

Swali mnaloniuliza kwa simu ni lilelile: ninunue programu gani? Za kuchora majengo, Revit au ArchiCAD? Za hesabu, Tally au QuickBooks? Nami nikimuuliza mtu kazi zake zikoje, wengi hunijibu kwa kunitajia programu anayotumia mwenzake. Hivyo sivyo tunavyonunua mashine ya kuchanganyia zege. Mashine tunauliza inachanganya kiasi gani, inakula mafuta kiasi gani, na ikiharibika spea zinapatikana wapi. Na programu ni kifaa cha kazi, iulizwe maswali ya kazi.

Swali langu mimi kwa kila programu ni moja. Namba ikibadilika kwenye mchoro, inafika wapi kabla haijapotea?

Tuchukue jengo la ghorofa moja pale Kange, maduka chini, makazi juu. Slabu, yaani sakafu ya zege ya juu, ina mita za mraba 100 na unene wa milimita 125. Hizo ni mita za ujazo 12.5 za zege. Injinia akapitia tena mahesabu, akaona unene uwe milimita 150. Sasa tuna mita za ujazo 15, nyongeza ya 2.5. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, mita moja ya ujazo inakula mifuko sita na kitu ya saruji ya kilo 50, kwa hiyo mmeongeza kama mifuko 16. Bado mchanga, bado kokoto, na bado tani sita za uzito ambazo bimu na nguzo zitazibeba maisha yote ya jengo.

Nani anajua habari hiyo? Kama mchoro umefanyiwa AutoCAD kwa mistari mitupu, mchoraji anafuta 125 anaandika 150 kwenye mkato, ule mchoro unaoonyesha jengo kama limekatwa katikati, kisha anasogeza mstari. BOQ, ile orodha ya vipimo na bei za kazi, iko kwenye Excel ya mkadiriaji, inasoma 12.5. Mtunza stoo ana daftari lake, anajua mifuko iliyoingia na iliyotoka. Mhasibu ana programu yake, anajua shilingi. Namba 150 imebaki kwenye karatasi. Siku ya kumwaga zege, saa tisa alasiri, saruji imekwisha na robo ya slabu haijamwagwa. Kirikuu inatumwa mbio dukani, na zege lililotangulia limeshaanza kushika. Pale zege jipya litakapokutana na la zamani patakuwa na kiungo dhaifu, na mvua za masika zitapaona kabla yako.

Injinia kafanya kazi yake vizuri. Mchoraji pia. Kilichokosekana ni njia ya namba kupita.

Sasa njoo kwenye programu zenye modeli, zile zinazoitwa BIM. ArchiCAD imetoka Budapest, Hungaria, kwa kampuni ya Graphisoft iliyoanzishwa mwaka 1982, mwaka uleule Autodesk ilipotoa AutoCAD. Revit ilitoka mwaka 2000, na Autodesk wakainunua mwaka 2002. Ndani ya programu hizi ukichora ukuta, programu inajua kuwa huo ni ukuta: una unene, una urefu wa kwenda juu, umejengwa kwa tofali gani, una dirisha wapi. Badilisha slabu ile kutoka 125 kwenda 150, na mikato yote inabadilika, na jedwali la vipimo linasoma 15 papo hapo. Namba imevuka kutoka kwenye mchoro hadi kwenye vipimo. Hilo ni jambo kubwa, na wanaosema BIM ni mapambo ya watu wa Ulaya hawajawahi kukaa usiku kusahihisha mikato minane kwa mkono.

Lakini jedwali hilo lina ukweli wa aliyelichora tu. Slabu na bimu zikikutana, na mchoraji hakuziunganisha kwenye modeli, zege la pale zinapopishana linahesabiwa mara mbili. Nondo usipozichora hazipo kwenye hesabu. Upotevu wa mchanga na tofali zinazovunjika kwenye lori haumo. Mkadiriaji majenzi ana kanuni zake za upimaji zinazosema kipi kinakatwa na kipi hakikatwi, na programu haizijui mpaka umeipangia. Kwa hiyo anayewaambia kwamba Revit itawatolea BOQ kwa kubonyeza kitufe, mwambieni aichapishe mbele yenu kisha mwiteni mkadiriaji aisome.

Baina ya hizi mbili, mimi natazama unafanya kazi na nani. Revit inakaa kwenye Windows peke yake, na ndimo wahandisi wa miundo, maji na umeme wanapokutana kwa urahisi. ArchiCAD inakaa kwenye Windows na Mac, na mbunifu anayefanya kazi peke yake huizoea upesi zaidi. Jihadharini na toleo: faili lililohifadhiwa kwenye Revit mpya halifunguki kwenye Revit ya zamani. Mkikubaliana na ofisi ya Dar es Salaam kushirikiana, kubalianeni kwanza toleo la mwaka gani.

Kuna jambo moja linawasumbua vijana wengi, nilitaje hapa. Mpima ardhi akikuletea viwianishi vya kiwanja cha hapa Tanga, yaani namba za mahali kilipo, kwa UTM kanda ya 37 kusini, mfumo wa gridi ya ramani, utaona mashariki ni mita laki tano na kitu, na kaskazini ni zaidi ya mita milioni tisa na laki nne. Ukiviingiza Revit kama vilivyo, jengo lako linakaa maelfu ya kilomita kutoka kitovu cha programu, pale penye sifuri, na mistari inaanza kucheza, vipimo havishiki. Weka kiwanja karibu na kitovu, halafu iambie programu kwamba pointi fulani ya kiwanja ina thamani hizo za mpima. Ipo njia rasmi ya kufanya hivyo ndani ya Revit. AutoCAD haina shida hiyo kubwa, na ndiyo sababu wapima wengi bado wanaipenda.

SketchUp nitaipita haraka. Ni nzuri kumwonyesha mteja nyumba yake kabla msingi haujachimbwa, na kivuli chake ni cha kweli: iambie upo Tanga, nyuzi tano kusini ya ikweta, utaona Desemba jua la adhuhuri linapita kusini mwa jengo na Juni linapita kaskazini. Hapo mteja anaelewa mwenyewe kwa nini unataka baraza pande mbili. Ila ukuta wa SketchUp kwa kawaida ni umbo tu. Haujui kuwa ni ukuta mpaka uupe sifa hizo, na wengi hawazitoi.

Na kuna FreeCAD, ambayo ni ya bure kabisa. Toleo la 1.0 lilitoka Novemba 2024 likiwa na sehemu ya majengo ndani yake. Ina ugumu wa kujifunza, sitawaficha. Lakini kijana asiye na fedha ya leseni ana mahali halali pa kuanzia, na kama ni mwanafunzi, Autodesk wenyewe wanatoa programu zao bure kwa masomo. Nasema hivi kwa sababu laptopu nyingi mjini zina programu zilizokrakiwa, yaani zilizovunjwa kinga ya leseni. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na nyimbo, na faili la kraki ndilo mlango wa virusi vinavyofunga michoro ya mradi mzima. Msiweke kazi ya mteja mle.

Sasa upande wa biashara, na hapa ndipo nataka tukae.

Modeli inaongea kwa mita za ujazo. Duka linauza kwa mfuko. Mchanga unakuja kwa lori. Nondo kwenye BOQ ni kilo, dukani ni kipande. Nondo ya milimita 12 ina gramu 888 kwa mita, kwa hiyo kipande cha mita 12 ni kilo 10 na gramu mia sita na kitu. BOQ ikisema kilo 1,000, mtunza stoo anatakiwa kupokea vipande kama 94. Nani kwenye kampuni yako anafanya hesabu hiyo? Ukweli ni kwamba katika kampuni nyingi ndogo hafanyi mtu. Fundi anasema "lete mia", zinaletwa mia, na mwisho wa mradi hakuna awezaye kusema sita zilikwenda wapi.

Kwa hiyo programu ya biashara naipima kwa mambo manne. Inaweza kutenganisha saiti na saiti, Pongwe isichanganyike na Raskazone? Inahesabu mali kwa kipimo zaidi ya kimoja? Inaelewa malipo ya awamu, pamoja na malipo ya awali yanayokatwa kidogokidogo na fedha inayozuiliwa hadi muda wa matazamio, ule wa kutazama kasoro baada ya kukabidhi jengo, uishe? Na umeme au intaneti ikikatika, kazi inaendelea?

Tally, ya India, ina nguvu kwenye stoo. Unafungua stoo kwa kila saiti na kituo cha gharama kwa kila mradi, bidhaa moja inaweza kuwa na vipimo viwili, na inafanya kazi kwenye kompyuta yako bila intaneti. Kwa hapa kwetu jambo hilo la mwisho lina uzito. QuickBooks Online ni rahisi kwa macho na ankara zake ni safi, lakini inategemea mtandao, na vifaa vya saiti havipati nafasi ya kutosha. Odoo na ERPNext zina miradi, manunuzi na stoo ndani ya mfumo mmoja. ERPNext unaweza kuipakua bure. Odoo ina toleo la bure, ila uhasibu wake kamili uko kwenye toleo la kulipia. Zote mbili zinahitaji mtu wa kuzisimika na kuzitunza, na mtu huyo ni gharama ya kila mwezi, muwekeni kwenye hesabu. Procore ya Marekani imetengenezwa hasa kwa ujenzi, lakini bei yake inafuata thamani ya kazi unazofanya kwa mwaka. Kwa mkandarasi wa daraja la sita au la saba sioni itajilipaje.

Primavera na Microsoft Project zinapanga muda. Mradi mkubwa wenye mshauri atakayedai ratiba kila mwezi, unazihitaji. Nyumba ya vyumba vinne, karatasi ya ukutani inatosha.

Msimamo wangu ni huu, na najua wachoraji hamtaupenda: kampuni ndogo inunue kwanza programu ya stoo na fedha, modeli ifuate. Modeli bora kabisa ikikabidhi namba zake kwa daftari lililochanika, fedha inapotea palepale ilipokuwa inapotea. Stoo yenye hesabu safi inafaidika hata na mchoro wa mistari mitupu. Na hata zabuni za serikali, tangu NeST, mfumo wa zabuni wa mtandaoni, ulipochukua nafasi ya ule wa zamani, TANePS, mwaka 2023, bei zako unazijaza kwenye mfumo. Asiyejua gharama yake halisi ya mita moja ya ujazo ya zege atajaza bei ya kubahatisha, kisha atafungwa nayo.

Jambo la mwisho ni umiliki. Tangu mwaka 2016 Autodesk hawauzi tena leseni mpya za kudumu, unalipia kwa muda. Ukiacha kulipa, programu inafunga. Kwa hiyo kila mradi ukiisha, toeni modeli kwa IFC, mfumo wa wazi wa faili uliokubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa ISO 16739 mwaka 2013. ArchiCAD, Revit na FreeCAD zote zinausoma. IFC haibebi kila kitu, na ukiirudisha kwenye programu nyingine hutaihariri kwa ulaini uleule, lakini vipimo na sifa za jengo vinabaki mikononi mwako.

Mzee wangu pale mbele ameuliza: ana laptopu moja na kijana mmoja, aanzie wapi? Chukua jengo ulilokwisha kulimaliza, ambalo risiti zake unazo. Pakua programu ya biashara kwa muda wa majaribio. Mwambie kijana aingize BOQ, kila mzigo uliofika saiti na kila hati ya malipo. Kisha mwambie abadilishe slabu iwe nene zaidi, na utazame ni sehemu ngapi amelazimika kuandika upya kwa mkono. Baadaye mwombe akutolee kila kitu kwenye faili ambalo Excel inaweza kulifungua. Kama hawezi kukitoa, usilipe, jaribu nyingine.