Mwavuli wa Kariakoo

Shikamooni wakubwa zangu. Wanafunzi, hamjambo. Leo tunazungumzia majengo endelevu, yaani yasiyofuja umeme, maji wala vifaa.

Kwanza utazameni ukumbi huu. Ni saa nne asubuhi, jua la Dar es Salaam linawaka nje, nasi humu tumewasha taa. Ukuta wa mashariki ni kioo kitupu. Jua likaingia, mwenye ukumbi akatundika mapazia mazito. Mapazia yakaleta giza, giza likaleta taa, na lile joto la kioo likaleta viyoyozi vinne. Sikieni vinavyonguruma. Madirisha hayafunguki, nimejaribu.

Sasa twende Kariakoo. Soko lile alilisanifu Beda Amuli, Mtanzania aliyesomea usanifu majengo Haifa, Israeli, na lilijengwa miaka ya 1970. Wengi tunapita pale macho chini, maana ukizubaa kutazama juu simu imekwenda. Lakini somo liko juu. Paa ni miavuli ya zege iliyopinduka, kama mwavuli uliokutana na upepo wa kusi: kingo ziko juu, kitovu chini. Masika ikinyesha, maji yanakimbilia katikati na kushushwa hadi matangini chini ya jengo. Joto la watu, vitunguu na ndizi mbivu linapanda na kutokea juu, na hewa nyingine inaingia ubavuni. Paa hilo hilo linatoa kivuli, linavuna maji, linapumua, wala halijadai uniti hata moja ya umeme wa LUKU.

Mteja akisikia jengo endelevu huniuliza bei ya sola. Sina ugomvi na sola. Ila kuiweka juu ya jengo la vioo lililokaa vibaya ni kuchotea maji pakacha.

Na kukaa vibaya ni nini? Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Adhuhuri jua liko karibu na utosi. Juni linaegemea kaskazini, Desemba kusini. Kuta za pande hizo mbili zinakingwa na upenu wa kawaida tu. Balaa liko mashariki na magharibi: asubuhi na jioni jua linakuja chini chini, linapiga kioo usoni, na upenu haufui dafu. Basi jengo lilale kwa urefu kutoka mashariki kwenda magharibi, jua likute zile kuta fupi. Kaskazi na kusi zikivuma zitakuta ubavu mpana wenye madirisha, tena yanayofunguka! Hili halina gharama. Linaamuliwa siku ya kwanza, penseli ikiwa bado mkononi.

Saruji nitaigusa tu. Mawe ya chokaa huchomwa kwenye tanuri la nyuzi 1,450 hivi, na mawe yenyewe hutoa hewa ya ukaa, mbali na ile ya moto unaoyachoma. Hewa hiyo ikishatoka hairudi yote, hata ukibomoa jengo. Ndiyo maana soko lilipoungua Julai 2021, nilishusha pumzi niliposikia kwamba jengo la Amuli litakarabatiwa.

Wanafunzi, kesho saa nane mchana nendeni na kipimajoto. Pimeni chini ya mwavuli, kisha vukeni barabara mkapime mbele ya ghorofa lolote la vioo. Simu mwachieni mmoja wenu azishike.

Haya, maswali. Na wewe uliye karibu na mlango, hebu uache wazi.