Mkishagongana, Mnasema Nini?

Mwenyekiti, wazee wangu shikamooni. Madereva na vijana wa bodaboda, habari za asubuhi.

Nimeombwa nisiwachoshe na alama za barabarani. Nitazungumzia zile dakika chache baada ya kishindo, maana hapo ndipo wengi wanapoteza kesi ambayo hata haijafunguliwa.

Chukueni mfano. Saa mbili usiku, Noah inatoka Msamvu kwenda Kihonda, mjini Morogoro. Mbele kuna Canter imesimama, haina taa wala riflekta, matairi ya nyuma yako juu ya lami. Paa! Dereva wa Noah anashuka anatetemeka, watu wamejaa, utingo wa Canter anafoka. Kwa ustaarabu wake anasema: "Kosa langu kaka, sikuwa makini, nitakutengenezea." Mtu anachana karatasi ya daftari, wanaandikishana, anatia sahihi, anarusha na laki moja kwa simu kama kishika uchumba.

Trafiki anafika, anapima kwa tepu, anachora ramani ya ajali. Ramani inaonyesha Canter ilikuwa barabarani kabisa. Mahakama inaweza kugawa uzembe: huyu kachangia kiasi hiki, yule kiasi kile. Lakini karatasi ya daftari haigawi kitu, imembebesha mmoja mzigo wote. Na kwa Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, maneno ya mtu dhidi yake mwenyewe yanapokelewa. Hayamalizi kesi, ila kujinasua kwayo ni kazi ya wakili, na wakili halipwi kwa ahsante.

Halafu kuna bima. Wengi tunasoma stika tu, mkataba tunautupa kwenye droo. Mikataba mingi ya bima ya gari, iwe bima kubwa au ndogo, ina kipengele kinachosema usikiri kosa, usiahidi, usilipe chochote bila kampuni kuridhia kwa maandishi. Nimekaa dawati la madai. Mteja anakuja na karatasi yake ya daftari kaikunja vizuri kwenye mfuko wa shati, anadhani inathibitisha uungwana wake. Afisa anaisoma, anaitoa kopi, na wewe unayeangalia unajua tayari jibu litakuwaje.

Mtaniuliza, kwa hiyo unatufundisha uongo? Hapana. Mtu aliyetoka kugonga hajui ajali imetokeaje. Anajua alichokiona akiwa kwenye usukani. Breki za mwenzake zilikuwaje, nani alikuwa upande wa nani, hayo ni ya trafiki na mkaguzi wa magari. Sema ulichokiona: "Nilitoka Msamvu, nikaona kitu cheusi mbele, nikashika breki." Ishia hapo. Pole mpe, hata mara kumi, na majeruhi awahishwe hospitali. "Ni mimi nimesababisha" ndiyo uiache.

Yapo ambayo ukiyanyamazia ni kosa. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inakutaka usimame, utoe jina na anwani yako, ya mwenye gari pia, na taarifa ifike polisi. Kama watu wameshaokota mawe, usikae kuhutubia. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu ukajisalimishe.

Uongo nao tunaujua. Kijana hana leseni, kagonga, baba yake anakuja mbio: "Nilikuwa naendesha mimi." Mama ntilie wa pale kona kaona kila kitu. Sasa kosa la kijana limezaa la baba, na bima imepata sababu ya kuwakataa wote wawili.

Na mwili wako, usiutolee hukumu. "Mimi mzima, sina neno," keshokutwa shingo haigeuki. Mshtuko unaficha maumivu. Sema bado hujapimwa, chukua PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, ukapimwe.

Kituoni ukichukuliwa kama mtuhumiwa, utaandikwa maelezo ya onyo, yaani maelezo unayotoa baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika mahakamani. Una haki ya kutojibu, na ya kuwasiliana na ndugu au wakili wako. Msiidharau hatua hii: hapa Tanzania, ungamo ulilolitoa kwa hiari mbele ya polisi linaweza kukufunga. Soma kabla ya kusaini. Ukikuta "kwa uzembe wangu" na hukusema hivyo, likatwe, usaini pembeni ya masahihisho. Askari akikuharakisha, mwambie kwa adabu, "Afande, namalizia kusoma." Na zile sauti za kwenye magrupu, "jamani nimeua mtu huku," zinasambaa kabla hujafika nyumbani.

Kuna mama ameniletea kimemo: kama aliyegongwa amefariki, niache kwenda msibani kwa kuogopa kesi?

Hapana, mama yangu. Kuhani ni utu. Ila usiende peke yako siku ile ile, watu bado wana uchungu. Watangulie wazee wawili na mjumbe wenu wa nyumba kumi, waulize kama mtapokelewa. Kabla ya kutoa hela, iambie bima au wakili wako. Kiandikwe wazi, kwa mashahidi, kwamba hizo ni rambirambi na si fidia, wala si kukiri kosa. Mkifika, kaeni na wafiwa. Mtu akianza kuuliza ilikuwaje, mzee mmoja ajibu kwamba hilo liko polisi.