Daftari Likibaki Mezani

Mabibi na mabwana, karibuni. Najua kuna waliokwama Thika Road tangu alfajiri, kwa hiyo sitawachosha.

Kuna ofisi moja hapa Upper Hill iliyoniita niwawekee hifadhidata ya ratiba: vyumba vitatu vya mikutano na magari mawili. Mfumo ulikuwa mzuri. Ukishachukua chumba saa fulani, mwingine hawezi kukichukua. Tukafundisha siku nzima, chai na mandazi juu, kila mtu akapewa nenosiri. Wiki ya pili nikakuta makundi mawili yakiangaliana mlangoni pa chumba kimoja: hawa wana ratiba ya kompyuta, wale wameandikwa kwenye daftari.

Lile daftari! Jalada jeusi, mgongo mwekundu, kalamu imefungwa kwa uzi. Tulisema libaki kwa dharura tu. Na dharura Nairobi mnazijua: leo stima, kesho intaneti.

Halafu kulikuwa na mambo ya saa. Mama wa mapokezi alipigiwa simu, "Niwekee chumba saa nane." Akachapa 8:00. Wageni walipofika baada ya chakula cha mchana, chumba kina watu wengine. Lawama zote zikaangukia mfumo. Lakini sisi saa zetu huanza kuhesabiwa alfajiri, kompyuta huanza usiku wa manane, nani alimwambia? Tukarekebisha: ukichagua 14:00, pembeni panatokea "saa nane mchana". Ilikuwa kazi ya nusu saa, nami naona aibu kwamba haikufanywa mapema.

Ndipo nikaenda kuketi na Mama huyo, ambaye nilipaswa kuanza naye. Yeye ndiye aliyejua chumba kipi hupigwa na jua jioni, na dereva yupi Ijumaa mchana huwa msikitini. Hayo yote hayakuwa kwenye mfumo. Akawa anataja, nami nachapa.

"Sasa kijana wangu," akaniuliza, "mkubwa akipiga simu aseme nimtolee watu?"

Sikuwa na jibu. Jibu alikuwa nalo mkurugenzi, na alichukua muda kulitoa. Siku alipoambiwa chumba kimeshachukuliwa, akabeba faili zake hadi chumba kidogo karibu na choo, habari ilifika jikoni kabla yeye hajaketi.

Wiki iliyofuata Mama alilifungia daftari kabatini mwenyewe. Kalamu aliikata uzi, akabaki nayo.