Siccar: neno la Kiskoti la kitu kisicho na ubishi

Haya jamani tuanze, manake muda tuliopewa ni mfupi na mi nikishaanza habari za maneno huwa siachi.

Neno la leo ni siccar. Tamka "sika", na ukitaka kulisema kama wenyewe basi r ya mwisho isikike. Kwenye maandishi ya zamani utalikuta sicker, sikker, sekyr, kila karani aliandika alivyosikia. Ni neno la Kiskoti, na hapo tuelewane kabisa, Kiskoti sio Kigaeli. Kigaeli ni jamaa ya Kiairishi, Kiskoti na Kiingereza ndo ndugu. Maana yake ni kitu cha hakika, kisicho na ubishi, kilichokazwa hakichezi.

Sasa wengi wanaolijua wanalijua kwa sababu ya mauaji. Tarehe 10 Februari 1306, mji wa Dumfries, kusini mwa Uskoti, ndani ya kanisa la watawa Wafransisko. Kuna Robert Bruce na kuna John Comyn, koo zote mbili zinakitolea macho kiti cha ufalme na hawa wawili walikuwa hawaivi chungu kimoja. Wakabishana, maneno yakawa makali, Bruce akachomoa kisu akamchoma mwenzie mbele ya altare. Altare! Kwa wakati ule hiyo ilikuwa ni kumchokoza Papa mwenyewe, na kweli alikuja kutengwa na kanisa, ila wiki sita tu na ushee baada ya pale, tarehe 25 Machi, akavikwa taji kule Scone.

Masimulizi yanasema Bruce alitoka nje kachanganyikiwa, wenzie wakamuuliza vipi, akasema nashuku nimemuua Comyn. Mmoja wao, Roger Kirkpatrick, akadakia, unashuku? I mak siccar. Yaani hilo niachie mimi, nakwenda kuhakikisha. Akaingia ndani akammalizia.

Hapo kuna mtego mmoja ambao ukiwa na Kiingereza cha shuleni lazima uingie. Neno analopewa Bruce kwenye masimulizi ni doubt, na sisi tumefundishwa kwamba hilo ni kutoamini. Kwa Waskoti ni kinyume chake! Mpaka leo Mskoti akikwambia "I doubt it'll rain" beba mwamvuli, manake anakwambia anaona mvua itanyesha. Ndo maana mi nimeitafsiri nashuku, kwa sababu Kiswahili nacho kinafanya hivyohivyo, ukisema namshuku yule kijana kaiba simu hujasema kwamba hajaiba, umesema unaona ni yeye. Kwa hiyo Bruce alikuwa ameshakaribia kabisa kuamini kwamba ameua, ila kwa Kirkpatrick kukaribia hakukutosha.

Sasa je aliyasema kweli? Mzee John Barbour, aliyeandika utenzi wake mrefu wa Bruce miaka ya 1370, kisu na altare anavyo lakini Kirkpatrick hayumo. Aliyeyasambaza maneno haya mpaka kila mtoto wa Uskoti akayajua ni mwandishi Walter Scott, na huyo aliandika miaka ya 1820, karne tano baadaye. Ukoo wa Kirkpatrick wa Closeburn lakini hawana habari na hayo, kwenye nembo yao wameweka mkono umeshika kisu kinachovuja damu na maneno yaleyale chini yake. Fikiria watu wanaojivunia mauaji kanisani! Na si ukoo wa mchezo, Eugénie, yule aliyeolewa na Napoleon III mwaka 1853 akawa malkia wa Ufaransa, babu yake mzaa mama alikuwa Kirkpatrick wa hukohuko, mfanyabiashara kule Málaga.

Neno lenyewe limetoka mbali. Mzizi ni Kilatini, securus, ambalo ukilipasua unapata "pasipo wasiwasi". Watu wa lugha za Kijerumani walilichukua mapema sana, Kiingereza hakijawa hata Kiingereza, ndo hiyo sicher ya Wajerumani na zeker ya Waholanzi. Afu Kiingereza kikaja kulikopa tena mara mbili, sure kupitia Kifaransa na secure kutoka Kilatini chenyewe. Mzizi mmoja umeingia nyumba moja kwa milango mitatu. Na msicheke, na sisi hakika, yakini, thabiti na hata hiyo shaka yenyewe, yote tumeyatoa kwa Waarabu.

Zamani hata Waingereza wa kusini walikuwa nalo. Mshairi wao Chaucer, karne ya 14, anamsifu jogoo wa hadithi yake kwamba kuwika kwake ni siker kuliko saa ya abasia, yaani jogoo akiwika ujue muda umefika, saa ya watawa inaweza kukudanganya. Baadaye sure likalisukuma nje kule kusini, kaskazini wakabaki nalo.

Na mi ninachokipenda hasa kiko kwenye hilo mak, yaani kufanya. Siccar ya Waskoti ni ya mikono zaidi kuliko ya kichwa. Hukai ukawaza mpaka upate uhakika, unainuka unaufanya, kama sisi tulivyochukua hakika tukaisukumia kitenzi tukapata hakikisha. Ndo maana neno hili linakwenda na vitu vinavyoshikika, fundo la kamba ni sicker, mguu uliokanyaga vizuri ni sicker, hata kofi likikupata sawasawa ni sicker.

Mfano mzuri ni Robert Burns, shairi la mwaka 1785 la Mauti na Daktari Hornbook. Kuna jamaa anatoka kunywa usiku, mwenyewe anasema hajalewa sana, anautazama mwezi unachomoza vilimani Cumnock anajaribu kuhesabu pembe zake, hajui ni tatu au nne. Basi anashuka mteremko kuelekea kinu cha Willie, kila hatua anaisimika fimbo yake kwa ufundi wote ili akae sicker, na bado miguu inampeleka kombo. Wanywaji mliomo humu mnajua ninachosema. Na hapohapo anakutana na Mauti mwenyewe, begani kabeba fyekeo, bega la pili kabeba chusa la meno matatu la kuchomea samaki, na wakakaa chini wakapiga soga.

La mwisho, angalieni mnapolitumia kwa mtu. Ukimwita mtu sicker unaweza kuwa umemsifu kwamba ni makini, wa kuaminika, hakurupuki. Ila likiingia kwenye habari za hela linageuka, huyo sasa ni mkono wa birika, shilingi haitoki bila kubembelezwa. Waskoti wenyewe wanataniwa sana kwa ubahili kwa hiyo nadhani neno hilo walilihitaji.

Haya, maswali. Tuanze na dada pale nyuma.