Kutu Si Uchafu: Mhadhara Juu ya Kupima Hali ya Sarafu Zilizotoka Ardhini

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu, na nyinyi vijana mliokuja na vitambaa vilivyofundikwa mfukoni mkidhani sivioni, nawashukuruni nyote. Historia ya Kilwa sitaisimulia, kwa kuwa nusu yenu mmekulia kwenye magofu yake. Nimeombwa nieleze namna ya kupima hali ya sarafu ya kale iliyofukuliwa, nami nitaanza pale ninapoanzia kila mara, yaani kwenye ukwaju.

Mzee mmoja aliniletea sarafu ya shaba aliyoiokota shambani mwake, akanikabidhi kwa mikono miwili na kuniambia, "Mwalimu, nimekusafishia kabisa." Kweli iling'aa kama sinia la harusi. Alikuwa ameiloweka kwenye ukwaju usiku kucha, asubuhi akaisugua kwa majivu na makumbi ya nazi, kama vinavyosuguliwa vyombo vya shaba siku ya kuamkia Idi. Niliipeleka dirishani, nikaishika kwa ncha za vidole na kuilaza ili mwanga uipige ubavuni, kisha nikaikagua kwa kioo cha kukuzia, upande huu na upande ule. Upande mmoja ulikuwa mtupu kama kigae. Upande wa pili lilikuwa limesalia neno moja tu: bin. Sasa bin, ndugu zangu, ni mtoto wa nani?

Msicheke, maana swali hilo ndilo kiini cha kazi yetu. Sarafu za shaba za Kilwa hazikuandikwa mwaka. Zinazo jina la sultani upande mmoja, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu yaliyopangwa yapatane vina na jina hilo, kwani waliozitunga walikuwa watu wa pwani na hawakuweza kuacha ushairi hata kwenye pesa ya kununulia samaki. Zipo za al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyetembelewa na msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, na zipo za Sulaiman bin al-Hasan. Majina ni yale yale yaliyogeuzwa, na herufi zikifutika, sultani mmoja hatofautiki na mwingine. Sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman iliyopatikana kwenye magofu ya Great Zimbabwe mwaka 1972, na zile tano za Kilwa zilizookotwa kisiwani Marchinbar, kaskazini mwa Australia, mwaka 1944, zilitambulikana kwa sababu maandishi yake yalisomeka. Lau aliyeziokota angekuwa na ukwaju karibu, leo zingekuwa vipande vya shaba tu.

Najua yupo atakayesimama aniambie kwamba ukwaju haujaliharibu sinia la bibi yake kwa miaka 60. Sinia la bibi halikuzikwa kwa karne saba kwenye udongo wenye chumvi. Shaba ikilala ardhini haifunikwi na kutu kama meza inavyofunikwa na vumbi, bali shaba yenyewe ndiyo inayogeuka kuwa kutu, kwanza tabaka jekundu, na juu yake tabaka la kijani. Herufi alizozipiga fundi mara nyingi huwa zimehifadhika ndani ya matabaka hayo, wala si kwenye shaba nzima iliyobaki chini. Kwa hiyo anayesugua mpaka akaiona shaba inang'aa amekwisha kuyapita maandishi na kuyamwaga pamoja na majivu. Nimeyasema haya mara nyingi hata nyumbani kwangu wamechoka, na bado kila mwaka naletewa sarafu iliyosuguliwa.

Sasa, anayepima hali atenganishe mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Kuchakaa mikononi mwa watu hulaza kwanza sehemu zilizoinuka, hivyo migongo ya herufi huwa bapa na laini, ilhali mabonde yaliyo kati yake yamesalimika. Kutu haichagui, hula migongo na mabonde pamoja na kuacha vishimo. Sarafu iliyochakaa inatueleza kwamba ilipita sokoni muda mrefu kabla ya kuzikwa, na iliyoliwa na kutu inatueleza habari ya udongo. Uzito hautusaidii sana, kwa sababu sarafu hizo hazikulingana uzito hata zilipokuwa mpya.

Rangi nayo itazamwe kwa makini. Kijani cheusi, kigumu na chororo ni dalili ya utulivu, basi kiacheni. Kijani cha kupauka kinachopukutika kama unga ni ugonjwa wa shaba, unaotokana na chumvi iliyomo ndani kukutana na unyevu wa hewa, na hauponi kwa kupanguswa. Mwenye shaka aiweke sarafu juu ya karatasi nyeupe ndani ya kopo kavu lenye mfuniko, na baada ya juma moja atazame kama unga umedondoka. Humo koponi tieni vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya, ambavyo watu huvitupa bila kujua thamani yake.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo sarafu za fedha nitazigusa tu. Hazina ya Mtambwe Mkuu, Pemba, iliyofukuliwa mwaka 1984, ilikuwa na sarafu zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa za fedha, ndogo na nyembamba, na sarafu kama hizo hukatika kwa kubanwa na vidole tu. Dhahabu haipati kutu. Riale ya Maria Theresa, ile sarafu ya fedha ya Austria, isiwadanganye kwa mwaka wake, kwani iliendelea kupigwa ikiandikwa mwaka ule ule wa 1780 hata katika karne ya 20. Hela za Kijerumani, pamoja na zile zilizopigwa Tabora mwaka 1916, nilikuwa nimeziandalia kurasa nne, ambazo nazikunja.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, kwa Tanzania Bara, inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na aliyekipata anapaswa kutoa taarifa. Wenye vitambaa mfukoni mnifuate barazani mmoja mmoja. Msivifungue humu ndani, feni inapuliza.